Sisi Ndio Wabeba Barua



Leo hapana picha za magauni wala maelezo ya singo. Kuna jambo limenikaa kifuani muda mrefu, na nimeona niliandike kabla msimu wa harusi haujapamba moto. Wengi mnaonisoma ni mabibi harusi watarajiwa, na waliobaki ni wale wanaoizunguka harusi: mashangazi, mawifi, masomo na mashosti. Ujumbe wa leo ni wa kundi hili la pili zaidi, na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Nianze na tamthilia.

Mnaikumbuka Sultan? Ile ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili ikaonyeshwa Azam TV. Kwetu Unguja kuna nyumba zilikuwa zinachelewa kupakua chakula kwa sababu ya Hürrem. Nilipoolewa Mtwara nilidhani nimeachana nayo, kumbe mawifi zangu wa Mikindani wanaijua kuliko mimi. Mwaka 2022, tulipokuwa tunamuandaa mpwa wa mume wangu kwa ndoa, mmoja wao alikuwa nayo yote kwenye flashi. Mimi mtu wa Unguja ndiye niliyepewa kazi ya kumsinga bibi harusi, basi kila jioni nasugua huku macho ya wote, yangu pia, yako kwenye televisheni.

Jioni moja tukafika pale. Walioiona wanajua ni pale gani.

Kwa asiyeiona, habari ni hii. Sultan Suleiman, aliyetawala dola ya Kituruki kuanzia mwaka 1520 hadi 1566, ana mtoto mkubwa aitwaye Mustafa, kipenzi cha askari na raia. Mama yake Mustafa ni Mahidevran. Hürrem ni mwanamke mwingine wa Sultan, aliyekuja kuolewa naye rasmi, naye ana watoto wake wa kiume. Katika ukoo ule mmoja akikalia kiti, ndugu zake hawana usalama, kwa hiyo kila mama analinda shingo ya mwanawe. Waziri mkuu Rüstem Pasha, ambaye ni mkwe wa Hürrem, anatengenezesha muhuri wa kuigiza wa Mustafa, na kwa muhuri huo inaandikwa barua kwa Shah Tahmasp wa Iran, adui mkubwa wa dola. Shah anaijibu akidhani ni ya kweli. Jibu linafika mikononi mwa baba. Baba anaamini mwanawe amekula njama na adui wa ng'ambo ya mpaka. Anamwita kwenye hema lake kambini. Mustafa anaonywa asiende, lakini anakwenda, anaacha silaha nje, anaingia mikono mitupu. Ndani wanamsubiri wauaji mabubu, na baba yuko nyuma ya pazia.

Chumba kizima kilinyamaza. Bibi harusi alikuwa analia na manjano yake usoni. Mmoja wa mawifi akasema, "Lau angemuuliza tu mwanawe!" Mwingine akasema lau Mustafa asingekwenda. Tukaanza kuitunga upya historia pale mkekani: lau angeishi, lau angerithi yeye, dola ingekuwaje leo, Waislamu wangekuwaje. Tulifika mbali mpaka singo ikakauka.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuonya na neno hilo "lau", kwamba linamfungulia shetani mlango. Wanazuoni wanaeleza kuwa kinachokatazwa ni ile "lau" ya kuipinga kadari na kujitesa kwa yaliyopita. Kujifunza ili kosa lisirudiwe ni jambo jingine. Mimi naomba tuitumie "lau" moja tu leo, kwa kujifunza.

Mauaji yale ni ya kweli. Mustafa aliuawa tarehe 6 Oktoba 1553, karibu na mji wa Ereğli, kwa amri ya baba yake. Mwanawe mdogo aliuawa baadaye. Cihangir, mtoto wa mwisho wa Hürrem, alifariki mwezi uliofuata. Rüstem alivuliwa uwaziri, na mwaka 1555 akarudishiwa. Tamthilia ilipoonyesha kifo kile huko Uturuki mwaka 2014, watu walikwenda Bursa kulizuru kaburi la Mustafa wakimlilia kama aliyekufa jana.

Lakini habari ya nani alipanga nini si nyepesi kama tulivyoonyeshwa. Wanahistoria hadi leo hawakubaliani Hürrem alihusika kiasi gani. Wengi waliomtia lawamani walikuwa mabalozi wa kigeni na watu waliokuwa na machungu ya Mustafa. Mwanamke huyo huyo alijenga msikiti na hospitali Istanbul, na jiko la kulisha maskini Jerusalem. Sisi tulimlaani jioni nzima kwa ushahidi wa flashi. Nalisema hili kwa sababu tamthilia ina ruhusa ya kupamba, sisi watazamaji hatuna ruhusa ya kumshuhudilia mtu aliyekufa kwa kitu tulichokiona kwenye skrini.

Tena kuna jambo jingine tulilokosea usiku ule. Tuliwalaani wawili tu, aliyebuni barua na aliyedhaniwa kumtuma. Hakuna aliyemlaumu aliyeibeba. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu aliyetawala zaidi ya miaka thelathini aliamini karatasi kuliko damu yake. Jibu liko katika historia ya nyumba ile. Mwaka 1512 babu yake Suleiman, Sultan Bayezid, aliondolewa kwenye kiti na mwanawe mwenyewe, Selim, ambaye ndiye baba yake Suleiman. Kwa hiyo hofu ya mtoto kumpindua baba ilikuwa imelala katika nyumba ile miaka mingi. Barua haikuileta hofu, iliikuta inasubiri, ikaipa jina.

Hili ndilo ninalotaka kulisema leo. Barua ya uongo peke yake ni karatasi. Nguvu yake inatoka kwa watu wawili: anayeibeba na anayeisoma akiwa tayari ana hofu. Na sisi wanawake wa leo, wenye simu mkononi, mara nyingi ndio hao wawili kwa wakati mmoja.

BARUA ILIYOFIKA PWANI YETU

Msidhani haya ni ya Istanbul tu. Pwani hii ya kusini ina barua yake, na ukiisimulia vizuri inaipita tamthilia.

Mwaka 1908, huko Lindi, kiasi cha kilomita 100 kutoka Mtwara mjini, ilianza kusambaa barua iliyosemwa imetoka Makka. Ilikuwa inasimulia ndoto ya mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume. Katika ndoto anapewa maonyo: watu wameiacha dini, Kiyama kimekaribia, tubuni. Mwenye kuinakili na kuipeleka mbele atapata thawabu, na atakayeipuuza atapata hasara. Watu wakaogopa. Walimu wakaisoma misikitini, wenye kujua kuandika wakainakili, ikasafiri mji hadi mji.

Sasa kumbukeni hali ya wakati ule. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 vilikuwa vimezimwa mwaka mmoja tu nyuma, na kusini yote ilikuwa bado na makaburi mabichi na njaa. Wajerumani nao walikuwa na hofu yao. Vita vile viliwashtukiza, kwa sababu maneno yalipita kwa kunong'onezana vijijini wao wasisikie. Basi afisa anayeiona barua ya Kiarabu inayopita mkono kwa mkono haoni mawaidha. Anaona vita vingine vinapangwa.

Wakaanza kuitafuta njama. Watu wakahojiwa, wengine wakatiwa mbaroni. Wakaifuatilia njia ya barua hadi Unguja, na jina likatajwa: Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, mfanyabiashara mzee aliyewahi kupigana na Wabelgiji kule Kongo na Wajerumani wenyewe. Hebu fikirini, mwandishi wa tamthilia angetaka nini zaidi? Kuna mzee tajiri kisiwani mwenye kisasi, kuna barua ya siri kutoka mji mtukufu, kuna masheikh wanaosafiri kwa majahazi, na pwani nzima inasubiri ishara. Tamthilia hiyo Wajerumani waliiandika wenyewe, katika majalada yao.

Mwisho wake ndio wa kushangaza. Barua ile ilikuwa nzee. Msomi wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, alishaandika habari zake mwaka 1884 kwa sababu ilikuwa inazunguka huko Indonesia, miaka zaidi ya ishirini kabla ya Lindi. Msomi wa Kijerumani, Carl Becker, aliichapisha ya huku kwetu mwaka 1911, na ndani yake hakuna mstari unaowataja Wajerumani. Watafiti wa karibuni walioyapitia majalada yale upya wanaona kwamba ile njama kubwa ilikuwa zaidi vichwani mwa waliokuwa wanaitafuta.

Na je, mnajua barua hiyo iko wapi sasa? Iko kwenye simu yako. "Sheikh Ahmad ameota, tuma kwa watu 20, fulani alituma akapata utajiri, fulani alipuuza akafiwa na mwanawe." Ni ile ile. Sheikh Ibn Baz wa Saudia, Allah amrehemu, aliandika kuionya umma kuwa ni uzushi aliosingiziwa Mtume. Wazee wa Lindi tuwape udhuru, hawakuwa na njia ya kuuliza Madina. Sisi tunayo, na bado tunatuma.

Tazameni sasa pande mbili za barua ile. Muislamu aliinakili kwa kuiogopa laana, Mjerumani akawakamata watu kwa kuogopa vita. Hakuna hata mmoja aliyeuliza imetoka kwa nani hasa. Kila mmoja alikisoma kile alichokuwa anakiogopa tayari.

BARUA ILIYOINGIA NYUMBANI KWETU

Sasa nirudi kwenye ile harusi.

Kwa msomaji wa visiwani asiyeijua Mtwara, nieleze kwanza. Mto Ruvuma ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji, lakini kwa watu wa Msimbati, Kilambo na Kitaya mto ule haujawahi kuwa ukuta. Mtu ana shangazi huku na babu kule. Kuoana, kuzikana, kuuziana samaki na nguo, yote yanavuka maji. Kisha Oktoba 2017 vita vikaanza Cabo Delgado, ng'ambo ya mto. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu, kikashambuliwa, watu wakauawa. Machi 2021 ikashambuliwa Palma, na watu walikimbia kwa maelfu. Kwa hiyo hofu ya huku si ya tamthilia, watu wamezika. Na tangu hapo neno "ng'ambo", lililokuwa neno la kawaida tu, limekuwa neno la kumtia mtu matatani.

Bwana harusi alikuwa kijana mfanyabiashara wa samaki wakavu. Anachukua Msimbati, anauza Masasi. Mama yake ana asili ya Palma. Mahari yameshatolewa, siku imeshapangwa.

Zimebaki siku nne, simu yangu ikalia. Picha. Bwana harusi amesimama kando ya mto na wanaume wengine watatu, wawili wana ndevu, wote kanzu na kofia. Chini yake maneno: huyu ndiye anayetaka kuoa Mikindani wiki hii, muulizeni hawa aliosimama nao ni akina nani na wanatoka wapi. Pamoja nayo ujumbe wa sauti wa mwanamke nisiyemjua, anasema ameyasikia kwa mtu wa karibu, kijana huyu ana mawasiliano na "wale wa ng'ambo".

Wapenzi wangu, nitawaambia nilichofanya. Sikumuuliza mume wangu. Sikumuuliza mama wa bibi harusi, niliyekuwa nimekaa naye jikoni. Niliituma kwa dada yangu Unguja na kwa wifi yangu mmoja, nikaandika, "Mwenzangu, yasije yakatukuta." Nikajiambia nimetahadharisha. Hata bismillahi sikusema.

Kabla ya Maghrib picha ile ile ikanirudia kutoka kwa mtu wa tatu, imeandikwa kwamba imetumwa mara nyingi.

Bwana harusi alipopata habari aliogopa. Si kwa hatia. Alijua tu kwamba kwa hali ya wakati ule jina likishatajwa hivyo, mtu anaweza kuchukuliwa kwanza na kuulizwa baadaye. Akaenda kwa mjomba wake Newala. Na watu wakasema nini? "Si mmeona? Amekimbia." Hofu yake ikawa ndio ushahidi wa hatia yake. Baba wa bibi harusi akasema mahari yarudishwe.

Usiku ule niliingia chumbani kwa bibi harusi. Alikuwa amekaa mkekani na singo ya asubuhi ikiwa haijaoshwa. Akanitazama akaniuliza, "Anti, na wewe umeamini?" Hakujua kuwa mimi ni miongoni mwa waliotuma. Nilikosa la kumjibu.

Aliyetuokoa, baada ya Allah, ni shangazi wa mume wangu, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Hana simu ya kupangusa, hata Sultan haijui vizuri. Alikuja asubuhi ya pili, akaitikia shikamoo zetu, akakaa, akaomba aione hiyo picha. Akauliza maswali matatu. Nani aliyeipiga? Lini? Na wewe aliyekuletea ni nani? Hakuna aliyejua hata moja. Nyumba nzima ya watu wazima, tumevunja harusi, na hatuwezi kujibu maswali matatu.

Kisha akasema, "Ikuzeni." Akaonyesha begani mwa bwana harusi, ukingoni kabisa mwa picha. Kuna mkono umemshika bega, mwenyewe hayumo. Mkono wenye kidole cha shahada kilichokatika ncha. Picha ilikuwa imekatwa.

Bi Mkubwa akasema, "Huu mkono wa mume wangu."

Mume wake, Allah amrehemu, alikatwa kidole na kamba ya nanga ujanani. Alifariki mwaka 2019. Picha ile ilipigwa mwaka 2016, mwaka mmoja kabla vita havijaanza, walipovuka kwenda Palma kumzika bibi yake bwana harusi mzaa mama. Wale wenye ndevu ni wajomba zake. Bi Mkubwa mwenyewe alikuwepo kwenye msiba ule, amekaa kwa wanawake. Mtu aliikata picha, akaandika maneno yake chini, na sisi tukafanya kazi iliyobaki.

Aliyeikata hatukumjua mpaka leo. Nimeacha kumtafuta. Ningempata ningemlaani kama tulivyomlaani Rüstem, na ningejisahau mimi.

Nikaha ilifungwa baada ya wiki tano, kwa watu wachache, bila shamrashamra tulizopanga. Nilimfuata mama wa bwana harusi nikamwambia nilichofanya, kwa mdomo wangu, nikamuomba radhi. Akanishika mkono. Akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini mimi nina mtoto ambaye sasa akisikia pikipiki usiku anaamka." Sina cha kuongeza juu ya maneno hayo.

MISTAH NA ZAYNAB

Baada ya hapo niliirudia Suratun-Nur, kisa cha Mama yetu Aisha, Allah amridhie, aliposingiziwa. Nilikuwa nakijua tangu chuoni, lakini nilikuwa nakisoma kama mtu aliye upande wa Aisha. Safari hii nilijitafuta kwa waliosema.

Wanafiki ndio waliobuni. Lakini maneno hayakubebwa na wanafiki peke yao. Mistah, aliyepigana Badr, ndugu wa Abu Bakr aliyekuwa akilishwa kwa mkono wake, aliyabeba. Hamna bint Jahsh aliyabeba pia, kwa kumpendelea dada yake Zaynab, mke mwenza wa Aisha. Watu wa swala na saumu. Kama walio bora kuliko sisi waliteleza hapo, mimi ni nani nijione nimesalimika kwa sababu nia yangu ilikuwa "kutahadharisha"?

Na Zaynab mwenyewe? Yeye ndiye aliyekuwa na sababu kuliko wote. Kwenye tamthilia mke mwenza angeipokea habari ile kwa mikono miwili. Mtume alipomuuliza, alisema anayalinda masikio yake na macho yake, na hajui juu ya Aisha ila kheri. Aisha baadaye alimshuhudia kwa wema huo. Mabibi harusi, mkitaka mfano wa mwanamke mwenye nguvu ndani ya nyumba yenye ushindani, msimtafute kwenye flashi. Huyu hapa.

Imepokewa pia kuhusu Abu Ayyub na mkewe, waliposikia yale maneno nyumbani kwao. Walijiuliza: je, mimi na wewe tungefanya jambo hilo? Wakasema hapana. Basi Aisha ni bora kuliko sisi. Yakaishia pale pale, baina ya mume na mke. Naipenda sana habari hii kwa wanaoanza ndoa, kwa sababu nyumba yao ilikuwa mwisho wa safari ya uongo.

LAKINI KAMA NI KWELI JE?

Najua mtaniuliza, maana nilijiuliza hivyo hivyo. Itakuwaje kama posa ni ya mtu mbaya kweli? Tunyamaze mpaka binti aharibikiwe?

Hapana. Fatima bint Qays alipoposwa na wanaume wawili alikwenda kwa Mtume kuomba ushauri, naye akamwambia wazi aibu ya kila mmoja. Lakini angalieni mambo matatu. Aliyeuliza ni mwenye shida. Aliyejibu anajua. Na jibu liliishia kwa anayelihitaji, halikutangazwa sokoni. Hiyo ni nasaha. Ile ya kwangu ilikuwa fitina iliyovaa kanzu ya nasaha.

Kwa hiyo haya ndiyo tuliyokubaliana nyumbani kwetu tangu mwaka ule, nanyi mkiona yanafaa yachukueni.

Kwanza, maswali matatu ya Bi Mkubwa kabla ya kidole kugusa kitufe: nani, lini, na kutoka kwa nani. Yasipojibika, ujumbe unafia kwako. Aya ya sita ya Suratul-Hujurat inatutaka tuichunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Majuto hayo mimi nayajua ladha yake.

Pili, mpelekee mhusika au walii wake, mmoja, uso kwa uso. Kama ni jambo la usalama, liko mahali pa kupelekwa, napo si kundi la mashosti. Kwa dada zangu wa huku mpakani hili ni zito zaidi, kwa sababu neno moja la ng'ambo linaweza kumpoteza mtoto wa mtu.

Tatu, kwa bibi harusi: mchunguze mchumba mapema, wakati wa posa, kwa kuwatuma watu wazima wanaojua kuuliza. Uliza msikitini kwake, kazini kwake, kwa majirani wa mama yake. Anayeuliza mapema hababaishwi na picha ya siku nne kabla.

Nne, ukishakosea, rudisha kwa njia ile ile. Uongo niliutuma kwa watu wawili, basi na ukweli niliutuma kwao hao hao, nikawaomba waupeleke kote walikoupeleka uongo. Dada yangu alifanya. Wifi yangu aliona haya, na mpaka leo kuna mitaa ambayo ukweli haujafika.

Bibi harusi wetu sasa ana mtoto wa kike. Mumewe bado anauza samaki, ila hapendi tena kupigwa picha. Nilipokwenda kuwaona mara ya mwisho niliwakuta wanatazama Sultan, mwanzoni kabisa, Mustafa bado mdogo anakimbia bustanini kwa baba yake. Nikakaa nao kidogo, nikaaga kabla hawajafika mbali.

Allah azisitiri aibu zetu, azihifadhi ndimi na vidole vyetu, azibariki ndoa za walioolewa na wanaotarajia, na awape amani watu wa pande zote mbili za Ruvuma. Amin.

Wassalaamu alaykum.